ALILALA MOMBASA USIKU MMOJA TU: Tembea Miji ya Bandari kwa Miguu, Ujue Kipi Hubaki



Ndugu zangu katika imani, leo naomba mnipe subira. Darsa ni refu kidogo. Tafuta kivuli, weka kikombe chako cha kahawa pembeni, tusafiri pamoja.

Kila msimu meli kubwa za watalii hufunga gati Mombasa na Unguja. Nyingine, zile ndogo, huteremka kusini mpaka Kilwa, zikatia nanga nje na abiria wakaletwa ufukweni kwa boti. Wageni hushuka asubuhi na kofia zao na chupa za maji. Hutembezwa vichochoroni, hupiga picha milango ya nakshi, huonja halua, na jua likianza kuinama wanarudi melini. Kesho yake wameamkia bandari nyingine.

Wengi wetu tukiwaona huwa tunacheka kidogo. Tunasema, mtu ataujuaje mji kwa saa sita? Swali ni zuri, lakini leo naligeuza nikuulize wewe. Umezaliwa pwani, au umekuja kutafuta riziki miaka 20 sasa, au wazee wako walitoka huku. Je, wewe umeujua mji huo kwa muda wote huo? Unajua msikiti unaoupita kila siku ulijengwa na nani? Kisima kilichofukiwa karibu na sokoni kilikuwa wakfu wa nani?

Allah Subhaanahu wa Ta'ala ametuhimiza katika Kitabu chake, zaidi ya mara moja, tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Amri ni ya vitu viwili: kutembea na kutazama. Mguu bila jicho hautoshi.

*MSAFIRI WA USIKU MMOJA*

Nianze na Muislamu aliyekuja pwani yetu kwa chombo cha baharini, akashuka bandari baada ya bandari. Ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja, Moroko, mwaka 1304. Alitoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, akiwa kijana wa miaka 21. Karibu mwaka 1331 alipanda chombo kutoka Aden akaja upande wa Afrika: Zeila kwanza, kisha Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa.

Mogadishu alikuta desturi nzuri. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana akimpa mfanyabiashara sahani ile, basi yule ni mgeni wake na atafikia kwao. Walipojua kwamba huyu si mfanyabiashara bali ni mtu wa fiqhi, wakasema ni mgeni wa kadhi. Kila mgeni alikuwa na mlango wa kuufikia.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja, ndugu yangu! Hana tofauti kubwa na abiria wa meli ya leo. Lakini hebu sikiliza alichokiona. Aliona kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Aliona kwamba ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, wacha Mungu na wenye kujistahi. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri sana. Na kwenye milango ya misikiti aliona visima, kimoja au viwili, na chombo cha mbao chenye mpini wa kuchotea. Aliona kwamba watu hutembea pekupeku, na anayetaka kuingia msikitini huosha miguu yake kwanza, kisha huingia.

Hakukaa mwezi, wala hakuandika habari ndefu za majumba ya wakubwa wa mji. Aliandika kisima na miguu iliyooshwa. Leo ni karibu miaka 700, mbao za misikiti ile zimekwisha kuoza zamani, lakini habari ya usafi wa mlango wa msikiti wa Mombasa bado inasomwa.

Hapo ndipo ninapotaka kukupeleka. Ukiwa juu ya meli, unachokiona kwanza ni ngome na kasri, kwa sababu vilijengwa ili vionekane kutoka baharini. Kisima hakionekani kutoka baharini. Kisima, kaburi, baraza na mihrabu huonwa na mtu aliyeshuka akatembea.

*UPEPO, SAA NA KIBLA*

Kabla hatujashuka, tujue kwanza kwa nini miji hii iko pale ilipo.

Wazee wetu walisafiri kwa pepo mbili. Kaskazi, inayoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, iliwaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, inayoanza kuvuma karibu na Aprili, iliwarudisha. Nahodha aliyefika Januari hakuweza kurudi kesho yake. Alikaa miezi akingoja upepo ugeuke. Katika kungoja huko watu walikodi vyumba, walikopeshana, walioana, walifundishana Qur'ani, wakajenga misikiti. Jahazi lilifungwa na upepo, meli ya leo imefungwa na saa. Ndiyo maana jahazi lilituachia ukoo na meli inatuachia picha.

Jambo la pili. Chukua ramani utazame Makka iko wapi ukilinganisha na sisi. Utaona Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja mwa Mombasa, Unguja na Kilwa. Kwa hiyo kibla chetu pwani hii ni kaskazini, na upepo uliowaleta wafanyabiashara na masheikh ulitoka upande ule ule tunaouelekea katika swala. Ukiingia kwenye gofu lolote la mji wa kale na hujui pa kuanzia, tafuta ukuta wa kaskazini. Ukiona kibla kimetokeza nje ya ukuta, umesimama msikitini hata kama paa halipo. Vua viatu vya moyo wako hapo.

Jambo la tatu, hesabu hatua. Majumba ya mawe ya pwani yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, ndiyo maana vyumba vingi vya kale ni vyembamba, hatua tatu au nne za mtu mzima, hata kama urefu wake ni mkubwa. Tajiri alikuwa na vyumba vingi, lakini upana wa chumba chake na cha jirani yake ulikadiriwa na mti ule ule aliouumba Allah.

Sasa tushuke.

*BANDARI YA KWANZA: MOMBASA*

Meli kubwa hufunga Kilindini. Ukivuka kisiwa mpaka upande wa mashariki unafika Mji wa Kale, na kitu cha kwanza kila mgeni anachoonyeshwa ni Ngomeni, ile inayoitwa Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Kabla ya hapo, mwaka 1505, walikuwa wameshaupiga mji na kuutia moto. Kuta zake ni nene, na mizinga yake ilielekezwa baharini. Walidhani watakaa milele. Machi 1696 majeshi ya Oman yakaizingira, na mzingiro ulidumu karibu miaka 3 mpaka Desemba 1698. Ndani ya ngome watu walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Baadaye Waingereza waliifanya jela. Leo ni makumbusho, unaingia kwa tikiti.

Sasa toka nje ya ngome, uingie vichochoroni kwa miguu. Mbele kidogo utauona Msikiti wa Mandhry, mweupe, mnara wake umechongoka kwenda juu. Unatajwa kujengwa mwaka 1570, na ni katika misikiti ya zamani kabisa inayoswaliwa mjini. Yaani ulikuwepo kabla ya jiwe la kwanza la ngome. Ngome imebadilisha wenyewe mara kadhaa, na damu ikamwagika. Msikiti haukuhitaji mzinga. Kilichouweka ni watu waliofagia, waliochota maji, walioadhini alfajiri mvua ikinyesha, na majina yao mengi hatuyajui.

Mgeni wa meli hupewa habari za ngome kwa saa nzima, na msikiti hupewa dakika moja kutoka barabarani. Simlaumu, ndivyo alivyopangiwa. Lakini wewe unayeswali mle, je, umewahi kumuuliza mzee wa msikiti historia yake?

*BANDARI YA PILI: UNGUJA*

Meli inafika Malindi, na Mji Mkongwe uko hapo hapo, hata gari huhitaji. Tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tembea kando ya bahari kuelekea Forodhani na utaliona Beit al-Ajaib, Jumba la Ajabu. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alilijenga mwaka 1883. Nguzo ndefu, roshani pande zote, baadaye likatiwa umeme na lifti watu wakastaajabu. Agosti 27, 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa muda usiofika saa moja. Majengo ya jirani yakasagika, Beit al-Ajaib likasalimika. Watu wakasema hili halianguki. Desemba 25, 2020, bila mzinga wowote, sehemu kubwa ya jumba ikaporomoka na watu wawili wakafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mafundi wanajua njia za kulirudisha, na kurudisha urithi ni jambo jema. Mimi nataka utazame amali nyingine ya sultani huyo huyo. Barghash aliukuta mji umetoka kupigwa na kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua maelfu. Maji ya visima vya mjini hayakuwa salama. Akaleta maji safi kwa mfereji kutoka chemchemi ya nje ya mji, yakafika mjini, wakanywa tajiri na maskini. Nenda uwaulize wazee wa Unguja wanamkumbuka kwa lipi. Watakutajia jumba, ndiyo, lakini watalitaja na maji. Na mbele ya Allah, sisi tunatarajia maji ndiyo yatakayomtetea zaidi kuliko roshani.

Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika, ila ziko zinazoendelea, na ya kwanza kuitaja ni sadaka yenye kudumu. Sayyidna Uthman, radhi za Allah ziwe juu yake, alinunua kisima cha Ruma pale Madina akakifanya cha Waislamu wote. Hao ndio walimu wa mtu aliyechimba kisima mlangoni mwa msikiti wa Mombasa.

Lakini usigeuze uso hapa. Kutoka Forodhani ingia ndani ya mji mpaka Mkunazini. Hapa ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Lilifungwa kwa mkataba wa Juni 5, 1873, na katika uwanja ule ule Waanglikana wakajenga kanisa kuu. Nje ya kanisa iko sanamu ya watu waliosimama shimoni, minyororo shingoni.

Najua wako ndugu wanaopita hapa haraka. Wengine wanakasirika, wanasema habari hizi zinasemwa ili kuuchafua Uislamu. Wapo kweli wanaozisema kwa nia hiyo, na hawatajwi Wafaransa waliokuja kununua watu kwa ajili ya mashamba ya miwa na kahawa visiwani, wala wenye mitaji wa kila dini waliofaidika. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1000 kila mwaka. Soma tena sentensi hiyo. Mnunuzi alikuwa Mfaransa. Muuzaji alikuwa sultani Muislamu.

Muislamu hasemi uongo kuitetea dini ya kweli. Waliokamatwa bara vijijini kwao, wengi wao walikuwa watu huru, wana wa watu huru. Na imethibiti katika hadithi kwamba Allah mwenyewe atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Kitabu chetu kimemtaja mwenye kumwacha huru mtumwa katika Suratul-Balad, na katika Suratut-Tawba kimetenga fungu la zaka kwa ajili ya kukomboa shingo. Basi jiulize: kwa nini kufunga soko kulihitaji tishio la manowari za Uingereza, na hali Kitabu kilikuwa ndani ya nyumba zetu, kinasomwa kila alfajiri?

Swali hilo si la kuwatusi wafu. Wao wameshafika kwenye hesabu yao. Ni la kutuzindua sisi tulio hai. Leo kuna wasichana wa kazi za ndani wasiolipwa mishahara yao, kuna vijana wanaosafirishwa nje kwa ahadi za uongo na kunyang'anywa pasipoti. Anayefanya hayo anaweza kuwa anaswali safu ya mbele. Ukisimama Mkunazini umeinamisha kichwa, kisha ukarudi nyumbani ukamlipa mfanyakazi wako kabla jasho lake halijakauka, basi umetembea ziara ya kweli.

*BANDARI YA TATU: KILWA KISIWANI*

Kilwa meli haifungi gati kisiwani. Unavuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko, mwendo mfupi, na unashukia karibu na ngome ya Gereza. Hakuna magari. Hapa utatembea tu.

Kilwa ilikuwa kubwa kwa sababu mbili. Ilikuwa na bandari iliyokingwa vizuri, na ilikuwa karibu na mwisho wa pale chombo kutoka Arabuni kilipoweza kufika na kurudi kwa msimu mmoja. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala kutoka kusini ilipitia mikononi mwake. Ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia, na tano kati yake zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa.

Ibn Battuta alifika hapa akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Anasimulia kisa. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani anatoka swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa zile zile. Watu wakamshukuru sana kwa unyenyekevu wake. Kisha mtoto wa sultani akazikomboa nguo zile kwa fakiri, akampa badala yake watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Miaka yote kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ukarimu, na nguo zile kweli zilikuwa ukarimu. Lakini sasa umetoka Mkunazini, kwa hiyo kisome kwa jicho jipya. Zawadi ile ilikuwa watu 20. Walikuwa na mama zao. Hakuna aliyeandika majina yao. Tunaweza kuisifu heshima ya sultani kwa fakiri, na papo hapo tukawalilia watu 20. Moyo wa muumini una nafasi ya yote mawili.

Tembea sasa mpaka Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 au 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa baadaye, na al-Hasan anahesabiwa katika walioupanua. Kuba na matao ya mawe, nguzo za matumbawe yaliyochongwa. Simama mbele ya mihrabu, kaskazini, ukumbuke ni paji ngapi za nyuso zilizogusa hapo.

Kisha fuata njia ya mashariki mpaka kwenye mwamba juu ya bahari, lilipo kasri la Husuni Kubwa. Ni la sultani huyo huyo. Vyumba vyake vinazidi 100, na lina birika la kuogea lenye pembe nane, ukikaa kando yake unaona bahari. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta dalili kwamba kasri hilo halikukamilika, na halikukaliwa muda mrefu. Fikiria mwenyewe. Jumba kubwa kuliko yote katika pwani nzima, na mwenyewe hakulimaliza wala hakulistarehea.

Ibn Battuta anasimulia kwamba al-Hasan alipofariki, alirithiwa na nduguye Daud, naye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa ameshakufa wala hakuacha kitu cha kutolewa. Watu wakakaa miezi mlangoni, kisha wakaacha kuja. Mwaka 1505 ndipo wakaja Wareno, wakaupora mji.

Labda utaniuliza: Sheikh, hata Msikiti Mkuu nao si gofu? Palipo tofauti ni wapi? Kweli, baadhi ya kuba zimeanguka na swala za jamaa hazipo tena mle. Lakini subiri mpaka adhuhuri. Kisiwani bado wanaishi watu, wavuvi na wakulima, na adhana utaisikia. Kasri lilipokufa hakuna aliyeliendeleza, kwa sababu lilikuwa la mtu mmoja. Msikiti ulipoanguka swala ilihamia chini ya paa jingine, kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja.

Na kama unataka msikiti ambao jengo lake pia lingali likiswaliwa, siku ukiwa Unguja panda gari uende Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa. Katika mihrabu yake kuna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ni kijiji cha wavuvi. Zaidi ya miaka 900, na Ijumaa hii in shaa Allah watapanga safu.

*TUFANYE NINI?*

Ndugu yangu msomaji, hii si habari ya kusoma ukasema maa shaa Allah kisha ukaendelea. Nakuachia mambo matano.

1. *Tembea na watoto wako.* Likizo ikifika usiwapeleke ufukweni peke yake. Watoe kichochoro kwa kichochoro, uwaonyeshe mihrabu na uwaonyeshe Mkunazini. Mtoto anayejua yote mawili hatatikiswa na mtu atakayemsimulia nusu.

2. *Ulizia kisima.* Katika kila mji wa kale uliza: kisima cha msikiti kilikuwa wapi, nani alikichimba, nani aliweka wakfu nyumba au shamba la kuhudumia msikiti? Chukua daftari uandike kabla mzee hajaondoka. Wakfu nyingi zimepotea kwa sababu hakuna aliyeandika.

3. *Usichukue kitu.* Kigae cha bluu, sarafu, kipande cha nakshi, viache palipo. Magofu ya Kilwa yaliwekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 mpaka 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mvua na mawimbi yalikuwa yakiyala. Usiongeze mkono wako kwenye mawimbi. Wala usiandike jina lako ukutani. 

4. *Wewe unayetembeza wageni, sema kweli.* Riziki yako ni halali, lakini usitie chumvi hadithi ili upate bakshishi. Na mgeni akiingia mtaani kwetu hana stara ya kutosha, mwelekeze kwa ulimi laini. Wazee wetu wa Mogadishu walimpokea mgeni kwa sahani ya chakula kabla hawajamuuliza jina. Huwezi kujua mgeni wa saa sita ataondoka na nini moyoni.

5. *Acha kisima chako.* Si lazima kiwe cha maji. Mfundishe mtoto mmoja kusoma Qur'ani. Nunua tangi la udhu la msikiti. Lipia karo ya yatima. Jenga nyumba yako, hujakatazwa, lakini jiulize siku ukiondoka ni kipi kitakachoendelea kufanya kazi.

Kwa kuwa sisi sote, ndugu zangu, tumeshuka bandarini kwa muda mfupi. Honi ya meli itapigwa, na hakuna abiria atakayeachwa nyuma.

Ewe Mola, warehemu waliochimba visima wasiandike majina yao. Wape haki zao waliouzwa na wasipate wa kuwalilia. Tusamehe tuliyorithi na tukayanyamazia, na ututoe duniani tukiwa tumeacha chenye kunufaisha. Aamin.

Ukiona darsa hii ina kheri, mfikishie na mwenzako.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.